Mcheza Kwao Hutuzwa: Mchezaji, Mwalimu wa Mpira na Kizuizi cha Rangi

Katika lugha yetu, mtu anayeifundisha timu ya mpira huitwa mwalimu. Waingereza humwita meneja, jina lile lile walilompa msimamizi wa shamba na wa kiwanda. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwalimu ni mtu aliyejua kwanza, kisha akawajulisha wengine. Kwa hiyo yafaa tujiulize: ikiwa elimu ya mpira hupatikana kwa kuucheza, kwa nini wachezaji wengi weusi waliosifiwa uwanjani walizuiwa kuongoza walipotundika viatu vyao? Swali hili tutalitazama kutoka Same, chini ya Milima ya Upare, maana historia ya hapa inatusaidia kulielewa.

Wazee wa Upare walijua kwamba uongozi wa kazi hutokana na kazi yenyewe. Huko Ugweno, ukoo wa Washana ulijulikana kwa ufuaji wa chuma, na kwa chuma hicho ukapata hata kutawala. Kwenye miteremko ya milima watu walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa ya kuhifadhi maji ya mashamba. Kazi hizo hazikuwa na vitabu. Aliyetaka kujua moto na nyundo alikaa karibu na mhunzi. Aliyetaka kujua njia za maji alishika jembe pamoja na wenzake. Mkono uliofanya kazi ndio uliokuja kuelekeza mikono mingine. Hii ilikuwa ngazi, na kila kidato chake kiliegemea kile cha chini yake.

Ukoloni uliikata ngazi hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita tambarare ya Same. Mashamba ya mkonge yakaenea kando ya njia hiyo, na Upare nao ukapata yake, kama yale ya Makanya na Ndungu. Hapo mtu aliweza kukata mkonge miaka ishirini, akaujua kuliko aliyemwajiri, na bado kidato cha juu alichoweza kukitumaini kwa kawaida kikawa unyapara. Umeneja haukuwa kazi ya kujifunza. Ulikuwa kazi ya kuzaliwa nayo. Serikali nayo ilifuata mpango huo huo: shule ziligawanywa kwa rangi, na mishahara pia. Mwafrika alitakiwa atende. Kufikiri na kuamua kulitengwa kuwa kazi ya wengine.

Wapare hawakukaa kimya mbele ya mpango huo. Mnamo Januari 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani wakaja Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi ya mbiru iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna iliyowekwa bila wao kushauriwa. Baada ya mvutano mrefu kodi hiyo ilifutwa. Ndani ya ugomvi ule wa kodi mlikuwa na swali kubwa zaidi: je, anayebeba mzigo hana haki ya kusema jinsi ya kuubeba?

Mwaka huo huo wa 1945 Tanganyika ilianza kushiriki Kombe la Gossage, lililokuwa likishindaniwa na Kenya na Uganda tangu mwaka 1926. Mpira ulikuwa umekwisha kuenea nchini kwa njia ya shule, bandari, reli na mashamba. Vijana wa Kiafrika waliupokea wakaufanya wao. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na klabu ambayo leo ni Simba ikazaliwa mwaka 1936. Lakini hata mchezo haukukwepa desturi za dola iliyoutawala. Miguu ya Mwafrika ilishangiliwa. Kichwa chake kilitiliwa shaka.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, kiasi cha robo tu ya kazi za daraja la juu na la kati serikalini ndizo zilizokuwa mikononi mwa wananchi. Wapo waliotaka basi ubaguzi ugeuzwe, rangi nyeusi ipewe upendeleo uliokuwa wa rangi nyeupe. Mwalimu Nyerere alikataa. Katika mjadala wa uraia wa Oktoba 1961 alisimama kidete kwamba uraia usipimwe kwa rangi, na Januari 1964 akatangaza kwamba raia wote watendewe sawa katika ajira ya serikali. Funzo lake latufaa hata katika mpira: dawa ya kizuizi cha rangi si kujenga kizuizi kingine, bali ni kumpa kila mtu nafasi ya kupimwa kwa uwezo wake.

Je, uwanjani tumelifuata funzo hilo? Mwaka 1979 Taifa Stars iliishinda Zambia 1–0 nyumbani, kisha ikatoka sare ya 1–1 Ndola kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kwenda kwenye fainali za Afrika mjini Lagos, Machi 1980. Katika orodha za fainali zile jina la mwalimu ni Slawomir Wolk wa Poland. Vinywani mwa wapenzi wa mpira, jina linalotajwa mpaka leo ni la Joel Bendera, mwana wa Korogwe, mji ulio kwenye reli hii hii inayopita Same. Daftari lina jina moja, na kumbukumbu ya watu ina jina jingine.

Waliofuata walithibitisha kwamba uwezo ulikuwapo. Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu Simba ilipoishinda Yanga 6–0 mwaka 1977, ndiye aliyekuwa mwalimu Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga, alikabidhiwa Taifa Stars mwaka 2015. Na Januari 2024, katika fainali za Afrika huko Ivory Coast, Adel Amrouche wa Algeria alipofungiwa, kazi ilimwangukia Hemed Suleiman, aitwaye Morocco. Mwalimu huyo aliiongoza timu mpaka ikafuzu fainali za 2025. Lakini kabla ya fainali zenyewe nafasi yake ikachukuliwa na Miguel Gamondi wa Argentina.

Haki itendeke katika kusimulia. Chini ya Gamondi Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, wala hatusemi kwamba kila aliyemwita mwalimu mgeni aliongozwa na ubaguzi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachouliza ni hiki: kwa nini mwenyeji aitwe wakati wa dharura, na mgeni aitwe wakati wa sherehe? Mazoea hayo hayahitaji sheria wala kibao mlangoni. Hukaa ndani ya fikira, na mara nyingine hukaa ndani ya fikira za wale wale walioonewa.

Huko Uingereza, ulikotoka mchezo wenyewe, kizuizi hicho kilionekana wazi zaidi. Tony Collins alikabidhiwa klabu ya Rochdale mwaka 1960, akawa meneja wa kwanza mweusi katika Ligi ya huko, na mwaka 1962 akaifikisha klabu hiyo ndogo fainali ya Kombe la Ligi. Mtu angedhani mlango umefunguka, haukufunguka. Viv Anderson aliichezea timu ya taifa ya Uingereza mwaka 1978, akiwa mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika timu ya wakubwa. Ikapita miaka thelathini, hadi 2008, ndipo Mwingereza mweusi, Paul Ince, alipopewa klabu ya Ligi Kuu, Blackburn. Katika miaka hiyo wachezaji weusi walijaa viwanjani, lakini benchi la ufundi lilibaki na rangi yake ya zamani.

Hata hivyo Afrika imetoa jibu. Charles Kumi Gyamfi wa Ghana aliiwezesha nchi yake kutwaa Kombe la Afrika mwaka 1963, 1965 na 1982. Kisha, katika Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar, timu zote tano za Afrika ziliongozwa na walimu wa nchi zao wenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya hapo. Mmoja wao, Walid Regragui, aliyewahi kuichezea Morocco, aliifikisha timu yake nusu fainali, mahali ambapo hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika.

Wahenga walisema pia: mcheza kwao hutuzwa. Sisi tumezoea kumtuza angali anacheza, kisha tukamsahau siku anapotaka kufundisha. Ndugu walimu, mnapowatazama vijana wenu wakicheza chini ya milima hii, msiwaulize tu nani atafunga. Mpeni mmoja wao filimbi. Mpeni mwingine kazi ya kupanga kikosi na kueleza sababu zake mbele ya wenzake. Wanaotaka kuendelea wasaidieni waingie mafunzo ya ualimu wa mpira na kupata vyeti vyake, maana siku hizi mlango hufungwa pia kwa kukosa karatasi. Ngazi iliyokatwa Makanya na Ndungu haitajiunga yenyewe. Itaunganishwa kidato kwa kidato, kama babu zetu walivyojenga ndiva: jiwe juu ya jiwe, kwa mikono iliyojua maji yanakotoka.