Mwamuzi wa Braunstein

Mwaka 1824 luteni mmoja wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita ambao baba yake alikuwa ameuanzisha. Maofisa waligawanyika pande mbili. Kila upande uliandika amri zake kwenye karatasi na kumkabidhi mtu wa tatu, mwamuzi, aliyekaa na ramani. Yeye ndiye aliyesogeza vikosi, akarusha dadu, akaamua nani kafa na nani kakimbia, kisha akaueleza kila upande yale tu ambayo macho ya askari wake yangeweza kuyaona.

Mchezo ulipendwa jeshini, ila majedwali yake yalikuwa mengi na hesabu zilichosha. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa huko, Julius von Verdy du Vernois, akahoji: mwamuzi ni askari mzoefu, kwa nini asiamue kwa akili yake? Ubishi huo wa kanuni na busara haujaisha hadi leo, ingawa wanaobishana sasa si majenerali.

Ng'ambo ya Atlantiki, mwanajeshi wa Marekani aitwaye Charles Totten alitoa kitabu chake cha michezo ya vita, Strategos, mwaka 1880. Kikasahaulika. Miaka karibu tisini baadaye David Wesely, kijana wa Minnesota aliyependa kuongoza vita vya mezani vya zama za Napoleon, akakiona maktabani. Humo alikuta wazo ambalo halikumtoka: mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, hata lisilotajwa katika kanuni, na ni kazi ya mwamuzi kuamua litakavyokwenda.

Mwaka 1969 Wesely akaamua kulijaribu wazo hilo. Alibuni mji mdogo wa Kijerumani, akauita Braunstein, na majeshi mawili yakiukaribia. Lakini wenzake waliofika walikuwa wengi kuliko makamanda aliowahitaji, na kumwambia mtu aliyetoka mbali akae tu atazame si ungwana. Basi akawagawia watu wa mji: huyu meya, yule mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo. Kila mmoja alikuwa na shida zake na haja zake. Mpango ulikuwa kumwita mmoja mmoja chumba cha pembeni, asikilize anachotaka kufanya, kisha vita vianze.

Vita havikuanza. Wakati akimsikiliza mmoja ndani, wengine huko nje walikuwa wanakula njama, wanadanganyana, wanapeana ahadi. Wawili wakamjia kumweleza kwamba wametoleana changamoto ya kupigana ana kwa ana, silaha mkononi. Hakuwa na kanuni ya jambo hilo. Ikabidi abuni papo hapo, kisha abuni tena, na tena. Usiku ulipokwisha majeshi yalikuwa hayajafyatua risasi hata moja, na Wesely akaenda nyumbani akiamini ameharibu mchezo. Wenzake wakamfuata kumuuliza lini watacheza tena.

Katika kundi hilo alikuwamo Dave Arneson. Wesely alipobuni mchezo mwingine wa aina hiyo, safari hii katika jamhuri ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, Arneson alipewa nafasi ya mwanafunzi mwanamapinduzi. Kwa simulizi ya Wesely mwenyewe, aliwashawishi wenzake kwamba yeye ni jasusi wa CIA, akaishia kumwaga vipeperushi vyake kutoka kwenye helikopta. Wesely alipoitwa jeshini, Arneson akashika kiti cha mwamuzi.

Kufikia mwaka 1971 Arneson alikuwa na nchi yake ya kubuni, Blackmoor: ngome juu, na chini yake vyumba na mapango yenye mazimwi na dhahabu. Hapo ndipo mambo mawili yalipoungana. Kila mchezaji alikuwa na mhusika mmoja tu, na mhusika huyo hakufutwa mchezo ulipokwisha; alirudi wiki iliyofuata na mali zake, majeraha yake na ujuzi aliouvuna. Wachezaji walipolalamika kwamba mashujaa wao wanakufa kwa pigo moja, Arneson akachukua hesabu aliyoitumia katika mchezo wa manowari, ambako meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama, akawapa binadamu. Pointi za uhai, zilizojaa leo katika michezo ya kompyuta na simu, zimepitia hapo.

Sisi tuliokua na hadithi za jioni tunamjua msimulizi anayeitikiwa "pakawa". Ila mwitikiaji wetu hamwambii msimulizi, "Mimi siingii pango hilo, nazunguka nyuma." Mchezaji wa Arneson alisema hivyo, na hadithi nzima ikabidi izunguke naye.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, kuuonyesha mchezo kwa Gary Gygax. Gygax alikuwa amepoteza kazi ya bima huko Chicago na akijipatia riziki kwa kushona viatu kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Alicheza mara moja, akaomba kanuni. Kumbe kanuni hazikuwapo, angalau si kwa namna ambayo mgeni angeelewa. Nyingi zilikuwa kichwani mwa Arneson, na zilibadilika kadiri alivyoona inafaa. Alichotuma ni kurasa kama ishirini hivi za maelezo.

Gygax, mtu asiyechoka kupiga taipu, akazigeuza kuwa kurasa hamsini, kisha mia na hamsini. Mengine aliyachukua kwa Arneson, mengine kwenye kitabu chake mwenyewe cha vita vya zama za kati, mengine aliyabuni akiwachezesha wanawe, Ernie na Elise. Wachapishaji hawakuuona mlango wa faida. Yeye na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, wakaanzisha kampuni, Brian Blume akaongeza fedha, na Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000, dola 10 kila moja. Chini ya mwaka mmoja zikaisha. Kaye hakufaidi, alifariki Januari 1975 akiwa na miaka 36.

Kwa uandishi, vijitabu vile vilikuwa vigumu mno. Mtu aliyevinunua California au Arizona, bila kuwahi kuketi na mtu aliyekwisha kucheza, alilazimika kukisia nusu ya mambo. Huko Phoenix, Ken St. Andre alivisoma, akakereka, akaandika mchezo wake mwepesi zaidi, Tunnels & Trolls, mwaka 1975.

Mwaka huohuo kulikuwa na tatizo jingine. Gygax alipeleka kisa chake cha kaburi la kutisha, Tomb of Horrors, kwenye mashindano ambako meza nyingi zilicheza kisa kilekile, kila meza na mwamuzi wake. Ili ushindi uwe wa haki, ukurasa ulipaswa kuyabeba yale ambayo Arneson aliyabeba kichwani. Ramani ikawekewa namba, na kila namba ikaandikiwa kilichomo: mtego uko wapi, ukiguswa unafanya nini, mlango wa siri uko upande gani. Kisa kilipochapishwa mwaka 1978 kilikuja na kijitabu cha picha. Mwamuzi anafunua, wachezaji wanaona wenyewe sura ya zimwi ukutani, domo wazi, wanaamua nani aingize mkono.

Mafanikio yalileta kesi. Arneson aliishtaki kampuni ya Gygax mwaka 1979 kudai haki yake, wakapatana mwaka 1981. Tangu hapo mashabiki hawaishi kugombana kama baba wa mchezo ni Gygax au Arneson. Kwa maoni yangu ugomvi huo unamruka mtu. Gygax aliandika, Arneson aliupa mchezo maisha marefu, lakini kazi yenyewe ya mwamuzi wa leo, kumsikiliza mchezaji na kubuni jibu ambalo halimo kitabuni, Wesely ndiye aliyewafundisha kwa vitendo. Jina lake halimo kwenye jalada la 1974.