Mchezo wa Kuigiza Ulizaliwa Wapi?

Mmekwisha kuona makishi wakicheza? Huku Lualaba, toka Dilolo na Sandoa hata Kolwezi, Wachokwe na Walunda wanawajua tangu zamani. Wavulana wanapotoka katika mukanda, yaani jando, makishi huja kijijini wenye nyuso za mti au za magome, na mwili wote umefunikwa kwa vazi la nyuzi. Mmoja ni Mwana Pwo, sura ya mwanamke kijana. Watu hushangilia mwendo wake wa madaha. Lakini ndani yumo mwanamume. Wanawake na watoto hawaambiwi ni nani, kwa kuwa kwao huyo si mchezaji, ni mzimu wa wazee.

Tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Wagiriki wa Athens walikuwa na mungu wao, Dionysus. Katika sikukuu yake kundi la wanaume liliimba na kucheza. Yasimuliwa kwamba karibu na mwaka 534 kabla ya Kristu, Thespis alitoka katika kundi, akajibizana nalo kana kwamba yeye ni mtu mwingine. Huyo ndiye mwigizaji wa kwanza. Baadaye Aeschylus aliongeza wa pili, na Sophocles wa tatu. Walivaa vinyago, na wanawake waliigizwa na wanaume. Mwaka 472 kabla ya Kristu Aeschylus alionyesha mchezo wa Waajemi, adui walioshindwa vitani. Hakuwacheka, aliwasikilizisha Waathene kilio chao.

Wakristu wa kwanza waliikataa michezo hiyo. Karibu na mwaka 200, Tertullian wa Carthage, Mwafrika, aliwaandikia wasiende kuitazama, kwa sababu ya miungu ya uongo na ukatili wake. Lakini mchezo ulirudi kwa mlango wa kanisa lenyewe. Karibu na mwaka 970, huko Winchester, Uingereza, kanuni ya watawa iliagiza hivi: alfajiri ya Pasaka mtawa mmoja akae penye kaburi kama malaika, na watatu waje polepole na vyetezo mikononi, kama wale wanawake waliotafuta mwili wa Bwana. Tena wanaume kwa sura ya wanawake!

Leo sura nyingi za Mwana Pwo zimefungwa nyuma ya vioo vya makumbusho ya Ulaya; na huku kwetu wako wanaosema makishi ni ushetani tu, basi. Ni kweli, imani ya mizimu si imani yetu. Lakini watawa wale walijua kupepeta: makapi waliyatupa, punje wakazitunza. Sisi tukitupa vyote pamoja, watoto wetu watapanda nini?

Basi siku ya Noeli, mwanao akivaa shuka awe mchungaji wa Betlehemu, mpeleke kwanza kwa babu yake akamwulize: makishi wa kwenu walichezaje?