Maji ya Mitungini

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, miaka ya 1980, tulikuwa na lori moja lenye breki za upepo, na dereva wake mtu mzima. Kila asubuhi alijipenyeza chini ya lori, akafungua koki za mitungi ya upepo, akamwaga maji. Siku moja wanachuo walikuwa wamekwisha kupanda kwenda mazoezi ya kufundisha, nikamkemea: “Mzee, tumechelewa, maji hayo utayamwaga jioni.” Akanijibu bila kutoka uvunguni, “Mwalimu, ukinilazimisha nitakukabidhi ufunguo.” Nilikasirika sana. Nami ndiye niliyekuwa nikifundisha historia!

Breki hizo zilianzia relini. Huko Marekani watu walikimbia juu ya mabehewa wakizungusha breki kwa mikono, na wengi walianguka wakafa. Mwaka 1869 George Westinghouse, kijana wa miaka 22, alisajili uvumbuzi wake: upepo kutoka kwenye injini ukaze breki za mabehewa yote. Lakini bomba likipasuka, breki hakuna. Mwaka 1872 akaupindua mpango. Kila behewa likawa na mtungi wake, na upepo wa bombani ndio ukawa unaoziachia breki. Ukipotea, treni inasimama yenyewe. Sheria ya mwaka 1893 ikayalazimisha makampuni ya reli ya huko kutumia breki za upepo.

Malori yalirithi wazo hilo kwa namna yake. Dereva akikanyaga, upepo hukaza breki. Lakini mna pia springi nzito zinazozuiwa na upepo. Upepo ukiisha, springi hufyatuka na kukaza. Tela nalo likikatika mpira wa upepo, hujifunga breki.

Basi kwa nini malori hukosa breki katika mteremko kama wa Kitonga? Kwa sababu springi hukaza breki zilezile. Zikiwa zimelika bila kurekebishwa, au drami zimepata moto na kutanuka kwa kukanyagwa mfululizo, springi haina cha kushika. Na maji je? Upepo ukishindiliwa, unyevu wake hugeuka maji. Hayo hula vali kwa kutu, na mtungi uliojaa maji una nafasi ndogo ya upepo.

Mzee yule alimaliza kazi yake, akafuta mikono, akapanda. Tulishuka Kitonga kwa gia nzito, wanachuo wakiimba. Hakunisemesha njia nzima, wala mimi sikumwomba radhi.