Maji mgodini: Yanatoka wapi, yanatolewaje, na chokaa ya Pongwe inasaidiaje?

Ukifika Pongwe, nje kidogo ya katikati ya jiji la Tanga, huwezi kukosa kuona machimbo ya mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji. Saruji inahitaji moto mkali, na matanuri mengi ya saruji nchini hutumia makaa ya mawe. Makaa hayo yanatoka mbali, kusini mwa nchi: Ngaka wilayani Mbinga, na Kiwira, mpakani mwa mikoa ya Mbeya na Songwe.

Ngaka wanachimba kwa shimo la wazi. Kiwira ulijengwa kama mgodi wa chini ya ardhi, kwa msaada wa China, miaka ya 1980. Na mgodi wa chini ya ardhi una adui asiyelala: maji.

Maji yanaingiaje?

Njia ni tatu.

Ya kwanza ni mvua. Maji ya juu yanashuka kupitia mdomo wa mgodi na nyufa za ardhi. Ukanda wa Kyela na Rungwe, uliko Kiwira, ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania.

Ya pili ni maji yaliyomo kwenye mwamba wenyewe. Ukichimba chini ya usawa wa maji ya ardhini, umechimba kisima kikubwa bila kutaka. Wakazi wa Tanga wana mfano karibu: Mapango ya Amboni yalichongwa na maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa kwa muda mrefu sana.

Ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote: maji yaliyotuama kwenye mashimo ya zamani yaliyoachwa. Hayo hayaji kwa kudondoka. Ukuta ukitobolewa, yanakuja yote kwa mpigo.

Yanatolewaje?

Chini mgodini huchimbwa mitaro yenye mteremko, maji yanajiendea yenyewe hadi kwenye shimo la kukusanyia. Hapo tope linazama kwanza, kisha pampu inasukuma maji juu.

Kwa nini pampu ikae chini na isikae juu? Kwa sababu pampu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 10 hivi. Lakini kusukuma inaweza. Mgodi ukiwa wa kina kirefu, pampu huwekwa kwa hatua: ya chini inampa wa kati, wa kati anampa wa juu.

Sasa piga hesabu. Mgodi unaoingiza lita 5 tu kwa sekunde unapata lita 432,000 kwa siku. Ni sawa na matenki 86 ya lita 5,000, kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Ndiyo maana mgodi makini huwa na pampu ya akiba na jenereta. Umeme ukikatika, maji hayasubiri.

Kazi hii ni ya zamani. Mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712, huko Uingereza, ilitengenezwa kutoa maji kwenye mgodi wa makaa.

Kuzuia ni bora kuliko kupampu

- Mitaro ya juu huchimbwa kuzunguka mdomo wa mgodi ili mvua ipite pembeni.
- Ukuta mnene wa makaa huachwa bila kuchimbwa kati ya mgodi mpya na wa zamani.
- Hutobolewa tundu jembamba refu mbele ya wachimbaji. Likitoa maji, kazi inasimama.
- Ramani za mashimo ya zamani hutunzwa.

Hilo la ramani si la makaratasi tu. Julai 2002, mgodi wa makaa wa Quecreek, Pennsylvania, Marekani, ulitoboa mgodi wa zamani uliojaa maji, kwa sababu ramani waliyotegemea haikuwa kamili. Wachimbaji 9 walinaswa chini zaidi ya saa 77, wakaokolewa wote. Lofthouse, Uingereza, Machi 1973, kosa kama hilo liliua 7.

Kwetu, Mererani imelia mara mbili, 1998 na 2008. Mvua kubwa zilifurika mashimo ya tanzanite na kuua makumi ya wachimbaji. Madini tofauti, adui yule yule.

Dalili za hatari

Ukuta unaotoa jasho pasipokuwa na jasho jana. Maji yanayoongezeka ghafla au kubadilika rangi. Harufu ya yai viza, ambayo huashiria maji yaliyooza kwenye shimo la zamani. Ukiona moja kati ya hizo, toka kwanza, toa taarifa, maswali baadaye.

Yakishafika juu, yaende wapi?

Si mtoni moja kwa moja. Makaa mengi yana madini ya chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji, hutengeneza asidi. Maji hayo huwa na rangi ya kutu, huua samaki na kuharibu mashamba.

Hapa ndipo chokaa inapoingia. Ukichanganya chokaa, asidi inapungua na chuma kinaganda kuwa tope. Maji yanapitishwa kwenye mabwawa ya kutuama, tope linabaki, yanapimwa, ndipo yanaachiwa. Yaani jiwe kama lile la Pongwe linaweza kusafisha uchafu wa makaa yanayolichoma.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kumwaga majitaka kwenye chanzo cha maji, na kinatolewa na bodi ya maji ya bonde husika. Kiwira iko Bonde la Ziwa Nyasa. Pongwe iko chini ya Bonde la Pangani, pamoja na mto Zigi unaolinywesha jiji la Tanga.

Kwa hiyo ukisikia mgodi unafunguliwa karibu na kwenu, usiulize ajira tu. Uliza pia: mashimo ya zamani yako wapi, pampu ya akiba ipo, na maji yatamwagwa wapi?