Sifuri ya mbele katika namba za HS

Bidhaa inayovuka mpaka hutambuliwa forodhani kwa namba ya HS. Mfumo huu wa Shirika la Forodha Duniani (WCO) ulianza kutumika mwaka 1988 na una tarakimu 6. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili, zikawa 8. Tarakimu mbili za kwanza ni sura.

Sura ya 01 hadi 09 zinabeba mifugo, nyama, samaki, maziwa, maua, mboga, matunda, kahawa, chai na viungo. Zote huanza na sifuri, na hapo ndipo kasoro huanzia.

Kahawa isiyokaangwa na yenye kafeini ni 09011100. Ikiingizwa kwenye Excel au kwenye safu ya namba katika hifadhidata, kompyuta huiona kama kiasi na kuifuta sifuri. Hubaki 9011100. Programu inayosoma tarakimu nne za mwanzo itakuta 9011, yaani hadubini. Chai nyeusi ya vifurushi vinavyozidi kilo 3, 09024000, huangukia 9024: mashine za kupima ugumu wa vitu. Hivyo ripoti ya mauzo hupotoka, na ankara huweza kutofautiana na hati ya forodha, mzigo ukasubiri.

Aidha, anayetafuta '09011100' katika safu ya maandishi iliyohifadhi '9011100' hapati kitu, hata kama rekodi ipo.

Dawa yake ni hii:

1. Hifadhi namba ya HS kama maandishi. Haijumlishwi wala haizidishwi.

2. Katika Excel, chagua muundo wa maandishi kabla ya kuandika au kubandika.

3. Data ikishaharibika, geuza namba kuwa maandishi, kisha tumia LPAD(namba, 8, '0') katika Oracle, MySQL au PostgreSQL. Sifuri zitajazwa kushoto hadi zitimie tarakimu 8.

Hata hivyo, hesabu urefu kwanza. Tarakimu 7 ni namba ya 8 iliyopoteza sifuri. 5 ni ya 6. Mahindi yasiyo ya mbegu, 100590, ni namba kamili ya tarakimu 6. Ukiilazimisha kuwa 00100590 umebuni bidhaa isiyokuwepo. Wala usijaze sifuri kulia: 90111 ya kahawa itakuwa 901110, ukarudi kwenye hadubini.

Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa namba za simu zinazoanza na 0.