Mafuta ya nyonyo mnayopaka nywele yaliwahi kurusha ndege za vita Rufiji

Wadau, ile chupa ya mafuta ya nyonyo mnayogombania ili nywele zirefuke ina historia nzito kuliko mnavyodhani. Mbarika, mti wenyewe, asili yake ni pande zetu hizi za Afrika Mashariki. Wazungu wakayapenda mafuta yake kwa ajili ya injini. Hata jina Castrol, lile mnaloliona gereji, lilianza 1909 kwa sababu oili hiyo ilikuwa na nyonyo ndani.

Twende 1915. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, imejificha kwenye delta ya Rufiji. Mwezi wa pili Waingereza wanaleta ndege mbili za Sopwith, zile za kutua majini. Injini ni Gnome ya nguvu za farasi 100: silinda zinazunguka pamoja na propela, na kilainishi ni nyonyo, maana haichanganyiki kirahisi na petroli. Ikishapita inatoka na moshi, na marubani wa injini hizi walikuwa wanaivuta. Nyonyo ni dawa ya kuharisha, hapo malizieni wenyewe 😂

Kilichowaumbua ni joto. Hewa ya moto ni nyepesi, injini inapata pumzi pungufu, na mabawa nayo hayana cha kuegemea. Ukipakia watu, petroli na mabomu, ndege inagoma kupaa. Hata gundi ya mbao ikaanza kuachia! Ikabidi ziletwe ndege nyingine, na Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915.

Sasa njoo Tindiga, Kilosa. Kuna jamaa, jina kapuni, ana lori la rimoti la injini ya nitro. Mafuta yake ni methanoli, nitromithani na oili, na nyonyo mpaka leo inawekwa kwenye baadhi ya mafuta hayo kwa sababu inavumilia moto mkali. Jamaa kafuata kitabu kilichoandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Joto la mchana la Tindiga likaikaba injini: moshi kibao, mwendo hakuna. Ni ugonjwa uleule wa Rufiji, hewa imepungua ila mafuta yanaingia vilevile.

Dawa ni kukaza sindano ya kabureta kidogo sana, kama mshale wa saa unavyotoka 12 kwenda 1, halafu unaikimbiza na kusikiliza. Wengi wanaua injini hapa. Ukizidi kukaza inalia kwa utamu wa ajabu, unajiona fundi, kumbe oili imo humohumo kwenye mafuta, ukipunguza kimoja umepunguza vyote. Pistoni inasagika kavu. Moshi mwembamba wa bluu lazima uendelee kuonekana. Dondoshea tone la maji juu ya kichwa cha injini: likichemka taratibu kwa sekunde kadhaa, endelea kucheza. Likiruka papo hapo, zima haraka, fungua sindano kidogo, acha ipoe.