Mlango wa Kukimbilia: London na Historia ya Nyumba Salama

Mwaka 1971 Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa. Kifungu chake cha 66 kinatamka kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Mwaka huohuo, huko Chiswick, magharibi mwa London, wanawake walifungua nyumba. Sisi tulipata kifungu, wao mlango.

Vifungu Waingereza walikuwa navyo zamani. Mwaka 1853 Bunge lao liliongeza adhabu kwa wanaowajeruhi wanawake na watoto. Mwaka 1878, Frances Power Cobbe alipokwisha kuandika kwa ukali juu ya mateso ya wake, mahakimu walipewa uwezo wa kumtenganisha mke na mume aliyetiwa hatiani kwa kumdhuru vibaya. Lakini mke huyo akitoka mahakamani na hukumu yake, jioni ile alale wapi? Katika jiji lile ndugu wengi walikuwa mbali, na majirani waliambiana kuwa hayo ni mambo ya mume na mke. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nyumba hiyo ya Chiswick, mtaa wa Belmont Terrace, ilikuwa ndogo na chakavu, mali ya halmashauri ya Hounslow. Erin Pizzey na wenzake waliichukua ili akina mama wa mtaa wapate pa kukutana. Wakaanza kufika wenye majeraha, watoto mkononi, wasiotaka kurudi walikotoka. Wakatandikiwa magodoro sakafuni. Kanuni ikawa moja tu: hafukuzwi mtu.

Kanuni hiyo iliwafikisha mahakamani. Walikuwa wamehamia jengo kubwa zaidi, Chiswick High Road, ambalo halmashauri ililiwekea ukomo wa watu 36. Wakaguzi walipoingia mwaka 1976 walikuta 75. Pizzey alijitetea kuwa wote wale ni kaya moja. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo, na mwaka 1977 akashindwa. Kwa herufi za sheria hukumu ilisimama. Ila msongamano ule ulikuwa ushahidi wa wazi kuliko ripoti yoyote: watu 39 waliozidi hawakuwa na kwingine pa kwenda.

Wakati huo nyumba kama hizo zilikuwa zimechipuka katika miji mingi, na tangu mwaka 1974 lilikuwa limeundwa shirikisho lao la kitaifa, ambalo Pizzey hakuafikiana nalo. Shinikizo la nyumba hizo na shirikisho likazaa matunda. Sheria ya 1976 iliruhusu mahakama kumtoa nyumbani mwanamume mkatili, na mwaka 1978 Malodi wakathibitisha kuwa anaweza kutolewa hata kama jina lake limo kwenye mkataba wa pango. Sheria ya 1977 ikamhesabu kuwa hana makazi mtu ambaye kurudi kwake nyumbani kungemletea kipigo. Sheria hiyo ya 1977 naiona kubwa zaidi, kwa sababu iliibebesha halmashauri mzigo wa kutafuta chumba.

Hata hivyo wapo walioachwa nje. Mwanamke asiye na mtoto wala mimba hakuwa na kipaumbele cha moja kwa moja. Alisubiri hadi sheria ya 2021. Aliyeingia nchini kwa viza ya mume naye hakuruhusiwa kupata fedha za umma, na nyumba hizi zilitegemea posho ya pango kujiendesha. Kwa hiyo angeweza kufika mlangoni akakosa nafasi. Kundi la Southall Black Sisters, lililoanzishwa mwaka 1979 huko Southall, kitongoji cha London chenye Wahindi wengi, baadhi yao wakiwa wametoka Kenya na Uganda, lilipigania jambo hilo miaka mingi. Mwaka 2012 serikali ilikubali kuwapa wake hao msaada wa miezi mitatu huku maombi yao ya ukaazi yakishughulikiwa.

Na kwetu je? Kipimo kinachopendekezwa na Baraza la Ulaya ni nafasi ya familia moja katika nyumba salama kwa kila watu 10,000. Mkoa wa Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 5.3. Kwa kipimo hicho mkoa unahitaji nafasi zaidi ya 500. Madiwani wanapokaa kupitisha bajeti, tuwaulize wametenga ngapi.